Maji ya uti wa mgongo: namba ndogo isikutulize mapema

Ndugu wa wagonjwa hutufuata dirishani pa maabara wameshika karatasi ya majibu ya maji yaliyovutwa kwa sindano mgongoni. "Hapa wameandika chembe nyeupe 14. Ni nyingi hizo?" Huwa nawajibu kwa swali: chembe nyekundu zimeandikwa ngapi?

Kwa mtu mzima, maji ya uti wa mgongo hayatakiwi kuzidi chembe nyeupe (chembe za kinga) 5 katika maikrolita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Mtoto mchanga anaweza kufika hata 20 bila ugonjwa. Damu, kwa kipimo hichohicho, ina 4,000 hadi 11,000. Sindano ikikwaruza mshipa mdogo inapoingia, damu huchanganyika na maji, na sisi tunazihesabu zote pamoja. Kwa makadirio tunaondoa chembe nyeupe 1 kwa kila nyekundu 500 hadi 1,000. Kwa hiyo nyeupe 14 penye nyekundu 10,000 huenda zimetoka kwenye damu tu. Nyeupe 14 penye nyekundu 3 ni habari nyingine kabisa.

Namba kubwa ndizo rahisi kusoma. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria mara nyingi hupandisha chembe kupita 1,000, nyingi zikiwa neutrofili (aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria), na maji hufanana na yaliyooshea mchele hata kabla hatujagusa darubini. Virusi huleta makumi au mamia machache, hasa limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe. Kifua kikuu nacho huleta limfosaiti, lakini hushusha sukari na kupandisha protini, wakati virusi kwa kawaida haviigusi sukari. Ndiyo maana mgonjwa hutobolewa kidole siku hiyohiyo: sukari ya maji haya hupimwa dhidi ya ile ya damu, na kwa kawaida huwa karibu theluthi mbili yake.

Inayonitia hofu mimi ni namba ndogo. Mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na fangasi wa kriptokokasi kichwani na chembe zikawa 2 au 3 tu. Chembe nyeupe hupelekwa na mwili, na mwili uliochoka hauna cha kupeleka. Kwa mgonjwa huyu hatuishii kwenye hesabu. Tunapima antijeni ya kriptokokasi, yaani vipande vya fangasi huyo, au tunachanganya maji na wino mweusi ili fangasi aonekane chini ya darubini akiwa ndani ya duara jeupe.

Kuna na mtoto wa degedege. Damu yake ikikutwa na vimelea vya malaria, wazazi huuliza sindano ya mgongo ya nini tena. Kwenye maeneo yenye malaria nyingi, vimelea vinaweza kuwamo kwenye damu huku kinachompoteza fahamu kikiwa kingine, kama homa ya uti wa mgongo.

Chembe hizi hazingoji. Chupa ikikaa mezani, neutrofili hupungua kwa takriban theluthi moja ndani ya saa 1, na karibu nusu ndani ya saa 2. Ukikabidhiwa chupa uilete maabara, usipitie kantini.

Wengi huogopa kwamba sindano hii hupoozesha au huua. Kuhusu kupooza: kwa mtu mzima uti wenyewe huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingia chini zaidi ya hapo. Kichwa kuuma baadaye kupo, na kwa wengi hupoa baada ya siku chache. Kuhusu kufa: wengi huletwa wakiwa taabani tayari. Wakifariki, lawama hubebwa na sindano.

Jambo moja hutuvuruga kuliko yote, nalo ni vidonge vya dukani. Antibayotiki iliyomezwa juzi inaweza kuwaua bakteria wasiote maabara, na hata kubadili aina ya chembe tunazoziona, ugonjwa ukiwa bado upo. Mkija hospitali, njooni na pakiti ya dawa aliyotumia, hata kama imebaki tupu.