Ndinga ya spoti ya zamani: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Toyota Altezza yangu ni ya mwaka 1999, rangi ya fedha, gia ya mkono, injini ya silinda sita. Nikiiegesha Sakina hapa Arusha, au Majengo kule Moshi ninapokwenda kumsalimu mama, hazipiti dakika kumi bila kijana kusogea na kuuliza inauzwaje na inakula mafuta kiasi gani. Mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende pamoja, ulibadilishwa lini, hilo haulizi mtu. Hata mimi sikuuliza nilipoinunua nikiwa na miaka 24. Haya ninayoyaandika ni maneno niliyoyasikia vijiweni, gereji na hata mezani nyumbani. Mengine niliyaamini kwa moyo wote, na nimeyalipia.

"Bei imeshuka, sasa ni saizi yangu"

Hili linaumiza vijana kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Altezza ilipotoka Japani mwezi Oktoba 1998 ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka huko kwao, na nchi nyingine ikauzwa kwa jina la Lexus. Aliyeinunua mpya alikuwa na kipato cha kuitunza. Leo unaipata kwa bei inayokaribiana na ya Toyota IST, gari dogo la kawaida, na hapo hapo unajiaminisha kuwa matunzo nayo ni ya IST. Bei ya gari hushuka, lakini bushi zake, diski zake za breki na matairi yake mapana yanabaki kuwa ya gari lile lile lililobuniwa kwa mtu mwenye fedha.

Halafu kuna jambo la waliokutangulia. Gari likipita mikononi mwa watu wanne, kila mmoja huahirisha kitu. Wa kwanza anasema shokapu zitasubiri, wa pili anaongeza maji ya bomba badala ya kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, wa tatu anapita kilomita 100,000 bila kugusa mkanda, wa nne analipaka rangi na kulipeleka sokoni. Wewe wa tano unanunua gari pamoja na madeni yao wote.

Nilitoa milioni 8 nikabaki na laki mbili mfukoni. Wiki ya tatu, nikiteremka kuelekea daraja la Kikafu, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nilirudi Arusha polepole mpaka kwa fundi wangu, mzee mmoja wa maeneo ya Unga Limited. Akaliinua gari kwa jeki, akaingiza mtaimbo chini ya gurudumu la mbele na kulinyanyua kidogo. Nikaona kwa macho yangu boljointi, kiungo kinachoshikilia gurudumu, inacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. "Mwanangu," akaniambia, "hii ingechomoka ukiwa kasi, tairi lingelala na usingekuwa na usukani tena." Boljointi mbili, mkanda, pampu ya maji na matairi manne vilikula milioni moja na laki sita. Fedha hizo nilimkopa dada yangu, na nilimlipa kwa miezi tisa.

Ndiyo maana kijana akiniambia ana milioni 8, namwambia atafute gari la milioni 6. Mbili zinazobaki ni za kulipa madeni ya waliotangulia, na zitaliwa zote. Kama kwa milioni 6 hapati gari zima, basi muda wake haujafika, aendelee kuweka akiba. Silisemi hilo kwa kumkatisha tamaa.

Unapokwenda kuliangalia gari, fika asubuhi na umwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Shika rejeta kwanza: ikiwa ina joto, ameshaliwasha, na injini inayowaka kwa shida ikiwa baridi haiwezi kukuonyesha siri yake tena. Fungua mfuniko wa oili, pitisha kidole kwa ndani. Ukitoka na kitu cheupe kizito kama maziwa mgando, kuna uwezekano maji na oili vimekutana, muage mwenyewe kwa heshima uende zako. Kisha tafuta stika za gereji za Kijapani, ambazo mara nyingi zipo kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Wajapani huandika mwaka kwa enzi za wafalme wao. Stika ya enzi ya Heisei ikiwa na namba 27, jumlisha 1988 upate 2015. Ya enzi ya Reiwa unajumlisha 2018. Stika ya mkanda ikionyesha kilomita nyingi kuliko zilizo kwenye dashibodi, unajua kilomita zilirudishwa nyuma.

"Namba E, hilo ni jipya"

Herufi za namba zetu zinafuata mfuatano wa kusajiliwa Tanzania. Gari la 1999 lililoshushwa bandarini juzi linapata namba E, na Vitz ya 2008 iliyokaa sana mjini ina namba B au C. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi ya gari, usome hapo. Namba E ina faida moja ya kweli: matuta yetu hayajalitafuna sana gari hilo kwa chini.

"Agiza mwenyewe Japani, utaokoa"

Unaweza kuokoa kwa gari la karibuni. Kwa gari la spoti la zamani, fungua kwanza kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA. Kodi inapigwa kwa thamani ambayo TRA imeliwekea gari, hata kama wewe ulilipata mnadani kwa bei ya kutupa. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT asilimia 18, na ushuru wa uchakavu ambao kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30. Vikipandana hivyo, kodi inakaribia kulingana na thamani yenyewe. Usafiri wa kutoka bandarini hadi Arusha bado hujauhesabu.

"Silinda sita ni hasara, chukua ya silinda nne"

Kwa Altezza, maneno haya yamewapeleka wengi pabaya. Ilitoka na injini mbili, zote za lita 2.0. Toleo la AS200 lina injini ya 1G-FE ya silinda sita, nguvu za farasi 160. Toleo la RS200 lina 3S-GE ya silinda nne, na yenye gia ya mkono inafika farasi 210. Kwa maana hiyo silinda nne ndiyo iliyokamuliwa zaidi: inataka petroli ya daraja la juu ambayo Wajapani huiita haioku, na spea zake hazijatapakaa. Ile 1G-FE ni injini tuliyoizoea siku nyingi. Ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110, kwenye Verossa na kwenye Crown GS171. Plagi, koili, gesketi, pampu ya maji, vyote nimevipata Arusha siku hiyo hiyo. Kilichonisumbua ni vitu vya bodi: taa ya nyuma ya kulia niliisubiri wiki tano.

Hapo hapo nijibu na lile la "spea za spoti hazipatikani." Inategemea ni gari gani na ni spea gani. Celica ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yenye injini ya 1ZZ-FE inashirikiana injini na Wish, Premio na Allion za lita 1.8, kwa hiyo injini haikuachi njiani kwa kukosa spea. Ila 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kabla ya kutoa hata senti. Kabla hujapenda gari, uliza injini yake imo kwenye magari gani mengine ya mjini.

"Cc ndogo, mafuta kidogo"

Mazda RX-8 imeandikwa 1,308 cc. Kijana anaona ni kama Vitz. Injini yake haina pistoni za kupanda na kushuka, ina rota mbili zinazozunguka, na inakunywa petroli kama injini kubwa kuliko namba yake. Isitoshe, inachoma oili kwa makusudi ili kulainisha sili za rota, kwa hiyo unaipima oili karibu kila unapojaza tangi. Ni gari zuri sana kuendesha, na simshauri kijana wa hapa anunue kama gari lake la kwanza.

Mafuta yapigie hesabu. Altezza yangu mjini inanipa kilomita 8 kwa lita. Natembea kilomita 20 kwa siku kati ya Njiro na Sakina, yaani lita mbili na nusu. Petroli ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni 7,500 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 195,000. EWURA, wasimamizi wa nishati, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nami hufanya hesabu hii upya jioni hiyo. Mafuta hayajawahi kunishtua, kwa sababu nayaona yakija. Kinachovunja mfuko ni kile kinachokuja mara moja, kama ile boljointi.

"Toa thamostati, halitachemka tena"

Fundi anayesema hivi huwa hana nia mbaya, na kweli mshale unashuka. Lakini thamostati ndiyo inayoizuia kulanti isipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kama nyuzi 82 kwa Toyota nyingi. Ukiitoa, asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha, ukungu ukiwa umelala Njiro, injini inaweza kufika kazini haijapata joto lake. Kompyuta inadhani injini bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, nyingine inachuruzika na kuchanganyika na oili chini. Unalipa mara mbili, kituo cha mafuta na gereji.

Gari linalochemka lina sababu yake: rejeta imeziba, feni haizunguki, au mfuniko wa rejeta umelegea. Huo mfuniko watu wa huku tungeuheshimu zaidi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko ndio unaoshikilia mgandamizo ili yasichemke mapema. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ukikibadilisha usichukue cha gari lolote, soma namba iliyopigwa juu yake.

Ndugu wa neno hili la thamostati ni "injini kuukuu, weka oili nzito." Injini ya VVT-i hubadilisha wakati wa valvu kufunguka kwa kuisogeza kamshafti, mhimili unaozifungua valvu hizo, kwa mgandamizo wa oili inayopita kwenye njia nyembamba na chujio dogo. Ukiijaza oili nzito ya 20W-50, asubuhi ya baridi oili inachelewa kufika juu. Tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama injini inakula oili, oili nzito itaficha tatizo kwa muda, wala haitaliponya.

"Kijana hawezi kumudu bima ya gari la spoti"

Wanaosema hivi wametazama video za Uingereza, ambako kampuni hupima umri wako na aina ya gari, na kijana hutozwa sana. Hapa bima ndogo ya gari binafsi haiangalii kama una miaka 20 au 60. Ila bima ndogo inalipa hasara ya uliyemgonga, gari lako ni juu yako. Ukitaka bima kubwa kwa gari la zaidi ya miaka 20, uliza kwanza kama wanalipokea, na uwatajie kila ulichobadilisha.

"Kata springi, litashika barabara"

Springi iliyokatwa inafanya gari likae chini, lakini shokapu inabaki bila nafasi ya kufanya kazi. Pita matuta ya rasta ukielekea Usa River na gari la namna hiyo: utasikia mkono wa gurudumu unagonga bodi, na kwa kila mgongo tairi linaiacha lami kidogo. Tairi lisilogusa lami halina breki. Kama unataka gari lishike barabara, nunua shokapu mpya nne na bushi mpya. Halitabadilika sura, ila utalisikia kwenye kona ya kwanza.

Tena soma matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, zinazotaja tairi lilitengenezwa lini: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yenye kashata nzuri huwa yamekaa miaka kumi, na mpira wake umekuwa mgumu kama soli. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mvua za kwanza zinapokutana na vumbi na oili iliyokaa barabarani kiangazi kizima, mpira wa namna hiyo hauna msaada kwako.

"Tabo haifai huku milimani"

Ni kinyume chake. Hewa ya Arusha ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Farasi 160 za Altezza yangu hapa ni kama 136. Tabo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo Subaru Impreza WRX, yenye tabo, haiumii sana na kimo. Kinachonizuia kumshauri kijana anunue WRX ni mkanda wake: ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo injini nzima imekwenda.

Nikiteremka kwenda Tanga, nikifika Korogwe injini inavuta kwa namna ambayo Njiro siijui. Nikirudi, baada ya Moshi inaanza kulegea taratibu, na nikipita Tengeru imerudi kuwa ile ile. Safari ya kwanza nilidhani pampu ya mafuta inakufa, na fundi mmoja wa njiani alikuwa tayari kunibadilishia. Mzee wangu wa Unga Limited alisikiliza injini, akafungua chujio la hewa, akakung'uta vumbi la siku mbili na kulirudisha mahali pake. Hakunitoza kitu.