Si Katiba pekee inayomfunga mikono meya wa Marekani

Kila mauaji ya risasi yanapotokea Marekani, swali hurudi: kwa nini meya hapigi marufuku bunduki mjini mwake? Wengi hujijibu kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki silaha, yamemziba njia. Si uongo mtupu, ila mara nyingi jiji halifiki hata huko. Huzuiwa mapema, na jimbo lake lenyewe.

Zaidi ya majimbo 40 yana sheria zinazozinyang'anya halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu silaha, yote au sehemu kubwa. Florida imepitiliza: katazo ni la 1987, na mwaka 2011 bunge la jimbo likaongeza faini ya hadi dola 5,000 kwa diwani au meya atakayekaidi kwa makusudi, alipe kutoka mfukoni mwake, na gavana anaweza kumwondoa madarakani.

Boulder, Colorado, ilipiga marufuku bunduki za mtindo wa kijeshi mwaka 2018. Tarehe 12 Machi 2021 jaji akaibatilisha marufuku hiyo kwa kuwa iligongana na sheria ya jimbo. Siku 10 baadaye watu 10 wakauawa kwenye duka la vyakula mjini humo. (Tusikimbilie kusema marufuku ingewaokoa, bunduki ile ilinunuliwa Arvada, mji mwingine.) Mwaka huohuo Colorado ikaifuta sheria yake, na miji ikaruhusiwa kuweka masharti makali kuliko ya jimbo. Katiba haikuguswa hata herufi moja.