Kabla theluji haijafika mlimani: hesabu milimita kwanza

Utabiri ukisema sentimita 30 za theluji zinakuja milimani, namba hiyo mimi huiangalia mwisho. Kwanza natafuta milimita za maji yatakayoshuka na kimo ambacho hewa ina nyuzi sifuri.

Kimo hicho si mpaka wa theluji. Chembe haziyeyuki papo hapo. Kwa kawaida hushuka mita 200 hadi 300 zaidi ndipo zigeuke mvua. Nyuzi sifuri zikiwa mita 1,500, theluji itafika karibu mita 1,200. Lakini mvua ikimwagika kwa nguvu katika bonde jembamba lisilo na upepo, kule kuyeyuka kwenyewe hunyonya joto la hewa, na mpaka huzidi kuteremka. Ndiyo maana kijiji kilichotabiriwa mvua tupu huamkia theluji. Hewa baridi ikinaswa bondeni chini ya hewa vuguvugu, matone huganda yanapogusa barabara na nyaya za umeme. Hali hiyo naihofia kuliko theluji yenyewe.

Sasa sentimita. Chukua milimita 30 za maji. Karibu na nyuzi sifuri theluji huwa chepechepe na utapata kama sentimita 20. Kukiwa na baridi kiasi, 30. Mawingu yakiwa kati ya nyuzi 12 na 18 chini ya sifuri, hapo huundwa chembe zenye umbo la nyota, ambazo hulaliana zikiacha hewa nyingi katikati: 45, pengine zaidi, mradi upepo usizivunje. Uzito haubadiliki. Kila milimita ni kilo moja kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa litabeba kilo 30 kwa kila mita, kina kiwe chochote. Mwenye paa bapa asidanganywe na rula.

Kupima, tumia ubao mweupe wa sentimita 40 kwa 40, mahali palipokingwa na upepo, uufute kila baada ya kupima. Ukiufuta kila saa jumla itazidi ukweli, kwani theluji hujishindilia. Kila saa 6 inatosha.

Kwa wapanda milima, angalia joto linavyokwenda. Dhoruba ikianza na baridi kisha ikapata joto, tabaka zito hukaa juu ya jepesi, na theluji huweza kuporomoka. Upepo nao huhamishia theluji upande wa pili wa kilele na kuirundika kama bamba. Miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 upande huo iepukwe, hata kama anga imekwisha kutakata.