Kliniki mwezi wa nne umeshachelewa: maswali kuhusu DNA, RNA na foliki

Asidi nukleiki ni nini?
Ni molekuli zinazobeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Ziko mbili: DNA na RNA.

Zinatofautianaje?
DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana mfano wa ngazi ya kamba. Nyuzi hizo huunganishwa na vipande vya aina nne: adenini hushikana na timini, na guanini hushikana na sitosini. Ukiinyoosha DNA ya seli moja, inafika kama mita 2. RNA kwa kawaida ni uzi mmoja, na badala ya timini ina urasili. Hiyo ndiyo inayonakili maelekezo ya DNA na kuyapeleka kwenye ribosomu, yaani viwanda vidogo vilivyo ndani ya seli, protini zitengenezwe.

Hayo yananihusu nini mimi ninayetaka mtoto?
Yanakuhusu sana. Seli haigawanyiki mpaka DNA yake yote inakiliwe, na kunakili kunataka timini. Mwili hautengenezi timini ya kutosha bila foleti, yaani vitamini B9, ambayo kwenye vidonge tunaiita asidi ya foliki. Foleti ikipungua, kazi inakwama, hasa pale seli zinapogawanyika kwa kasi: kwenye uboho unaotengeneza damu, na kwa mtoto anayeumbika tumboni. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Si nitaanza kumeza nikifika kliniki mwezi wa nne?
Hapana. Siku ya 28 ni kama wiki mbili tu tangu ukose hedhi. Wengi hapo hata hawajajua kama ni wajawazito! Mwezi wa nne mrija ulishafunga, au ulishakosa kufunga, na hakuna kidonge kitakachourudisha nyuma. Anza kabla ya kushika mimba: mikrogramu 400 kila siku, uendelee mpaka wiki ya 12. Na kwa kuwa mimba nyingi huja bila kupangwa, usingoje kupanga. Kabla, mama, siyo baadaye.

Lakini damu yangu iko vizuri.
Hili nalisikia kila wiki. Mama anafungua mkoba, anatoa pakiti niliyompa mwezi uliopita, haijatobolewa hata kidonge kimoja. Ameambiwa ni "vya kuongeza damu", na damu anayo. Au ameambiwa vitamkuza mtoto ashindwe kujifungua. Tafadhali tuache maneno haya. Foliki haimnenepeshi mtoto. Inasaidia seli zake kunakili DNA, uwe na damu nyingi au kidogo.

Nimeshachelewa, basi niache?
Usiache. Kwa mgongo umechelewa, ila damu yako na ya mtoto bado inatengenezwa kila siku. Meza leo.

Mtoto wangu wa kwanza ana mgongo wazi. Nifanyeje nikitaka mwingine?
Njoo kabla hujaacha uzazi wa mpango. Wewe unahitaji dozi kubwa zaidi, na anayeiandika ni daktari. Usijazie vidonge vya kawaida mwenyewe nyumbani. Foliki hupunguza hatari, haiifuti yote, kwa hiyo utahitaji pia kipimo cha ultrasaundi. Ukija na ujauzito wa miezi mitatu, hiyo dozi haitakuwa na kazi tena.