Je, wajua kwa nini kambi ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, iliwahi kuitwa Colito?

Juzi tumekaa kijiweni karibu na stesheni hapa Tabora, kuna mzee jirani yetu mwanajeshi wa zamani anapiga stori za maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, akasema vurugu zilianza Colito tarehe 20, sisi huku zikatufikia kesho yake. Dogo mmoja wa bodaboda akamuuliza, eti babu, huyo Colito ndo nani, mzungu? Watu wakacheka sana ila nina uhakika nusu ya waliocheka nao walikuwa hawajui.

Colito sio mtu. Ni mji kule Ethiopia, siku hizi ukiutafuta utaukuta kama Halaba Kulito. Mwaka 1941 Waingereza walikuwa wanawafurusha Waitaliano Ethiopia na kwenye kazi hiyo walikuwemo askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Sasa KAR ya 6 ndo ilikuwa ya Tanganyika, ilianzishwa 1917 na mwanzoni ilibeba mpaka askari waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa, yaani mtu kabadilisha kofia tu vita inaendelea.

Tarehe 19 Mei 1941 batalioni hiyo imevuka mto Billate pale Colito, mara vifaru vya Waitaliano vikachomoza vichakani, vinataka kuwatenga na mto. Kulikuwa na sajini mmoja, Nigel Leakey, mzungu mzaliwa wa Kenya, binamu yake Louis Leakey yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale pale Olduvai. Kazi yake ilikuwa kupiga mota, ile silaha ya kurusha mabomu, na mabomu yalikuwa yamemwishia. Unafanyaje na kifaru wakati huna bomu? Kifaru ukiwa mbele yake umekwisha, ila waliomo ndani wanachungulia kwenye vitundu tu, mgongoni hawaoni vizuri. Jamaa akakirukia kwa nyuma, akang'oa mfuniko wa juu, akawapiga risasi wote isipokuwa dereva, huyo akamlazimisha aendeshe mpaka kwenye maficho. Akajaribu kuutumia mzinga wa kile kifaru uwageukie wenyewe, ukagoma.

Basi akashuka akasema atavifuata vingine kwa miguu, risasi zinanyesha. Viwili vikampita, akadandia cha tatu, akafungua, akaua mmoja, hapo hapo kifaru cha nne kikammiminia risasi za bombomu, yaani bunduki ya rasharasha, akaangukia chini. Alikuwa na miaka 28 na maiti yake haikuonekana. Medali ya Victoria Cross, ambayo kwa Mwingereza hakuna ya juu yake kwa ushujaa vitani, ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne imepita na vita yenyewe imeisha.

Mimi kinachonikereketa ni hiki. Maelezo rasmi ya ile medali yanasema kabisa kwamba alipokwenda kuviwinda vile vifaru vingine kwa miguu alikuwa na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Majina hayapo. Watu watatu wanafuata vifaru kwa miguu kama yeye, halafu wanaandikwa kwa cheo tu, na hiyo ni batalioni ya Tanganyika, kwa hiyo kuna ukoo mahali fulani, labda hata hapa Unyamwezini, babu yao alikuwepo na hawajui.

Jina la vita hiyo ya Colito ndo likapewa kambi ya Dar, Colito Barracks. Baada ya uhuru KAR ya Tanganyika ikawa Tanganyika Rifles, batalioni ya kwanza ikakaa hapo Colito, ya pili hapa kwetu Tabora, ndo maana mzee anasema "zikatufikia". Yale maasi yakaua jeshi lile lote, JWTZ ikaanzishwa Septemba 1964, na kambi siku hizi ni Lugalo, jina la pale Uhehe ambapo Wahehe waliwachakaza Wajerumani Agosti 1891.

Hiyo ya Lugalo dogo hakuisikia, alikuwa ameshapata abiria wa Ipuli.