Bata Bukini Anapompora Tai Kiota

Tumezoea kuona bata akikimbia na tai akimkimbiza. Ndiyo maana watu hushtuka wakikuta mambo yamegeuka: bata bukini wawili wamesimama ukingoni mwa kiota cha furukombe, yaani tai mla samaki, shingo wamezinyoosha mbele, midomo wazi, dume akifoka kama nyoka na jike akipiga kelele za kukwaruza, huku mwenye kiota akizunguka juu na kulia. Mara nyingi tunaulizwa kama bata hao ni wagonjwa. La, si wagonjwa. Wanatafuta pa kutagia.

Kwa Afrika, anayesifika kwa tabia hii ni bata bukini wa Misri, yule mwenye baka la hudhurungi kuzunguka jicho. Uzito wake ni takriban kilo 1.5 hadi 2.3. Hutaga majanini, kwenye pango la mti, au juu kabisa katika kiota cha vijiti kilichojengwa na ndege mwingine, awe tai, fundichuma au kipanga. Kazi ya kukusanya vijiti humwachia mwenzake. Yeye hutandika tu manyoya laini ya kifuani mwake.

Huko Cape Town, Afrika Kusini, watafiti wamewafuatilia kwa miaka mingi vipanga weusi wanaosumbuliwa na bata hawa. Jike la kipanga huyo kwa kawaida halifikii hata kilo 1, kwa hiyo pambano si la usawa. Baadhi ya jozi hujenga viota zaidi ya kimoja, ili wakiporwa hiki wahamie kile. Kwangu mimi hilo ni jambo la kustaajabisha: ndege mwindaji anajenga nyumba ya akiba kwa sababu ya bata!

Silaha ya bata bukini si mdomo peke yake. Hung'ata na kushikilia, kisha hupiga kwa kifundo kigumu cha bawa. Tai aliyeumia bawa hawezi kuwinda, na asipowinda hufa njaa. Kurudi nyuma si woga. Anaokoa maisha yake.

Hata hivyo, si kila bata bukini ni adui wa ndege wawindaji. Kule Taimyr, kaskazini mwa Siberia, bata bukini wenye kifua chekundu hutaga kwa makusudi karibu na kiota cha kozi. Kozi akimfukuza mbweha wa aktiki ili kulinda makinda yake, mayai ya jirani nayo husalimika.

Ukiona ugomvi wa namna hii, usirushe mawe wala usipande mti kuwaondoa bata. Usirushe droni pia. Mtu akikaribia, ndege wote wawili hukimbia, na mayai yaliyoachwa hupoa au huliwa na kunguru.

Bata wa Misri huatamia kwa siku 28 hadi 30. Baada ya kuanguliwa, vifaranga huruka chini kutoka kiotani kabla hata hawajaota manyoya ya kurukia, na kwa kawaida hawaumii, kwa kuwa ni wepesi na wana manyoya mororo. Ukikuta kimoja kimekaa chini ya mti kikilia, usikiokote. Rudi nyuma hatua nyingi, nyamaza, na usikilize: mara nyingi mama yuko karibu anakiita.