Kichungi cha hewa si chekeche

Nimesoma tena, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba kichungi cha karatasi hunasa vumbi laini "kwa sababu matundu yake ni madogo kuliko vumbi". Jamani.

Kichungi cha hewa, kwa ufupi, ni tabaka la nyuzi zilizopishana ovyo, za selulosi (yaani nyuzi za mimea) au za kioo, linalopitisha hewa na kubaki na chembe zilizokuwamo.

Nahisi neno lenyewe ndilo linaloponza. Kichungi kinatokana na kuchunga, na aliyewahi kuchunga unga anajua: laini hupita, chenga hubaki juu. Ukiingia na picha hiyo kwenye hewa, utaamini kwamba chembe ikizidi kuwa ndogo ndivyo inavyoponyoka. Kichujio, kutoka kuchuja, nakipenda zaidi kidogo. Hata watu hufanyiwa mchujo, na hakuna anayepitishwa tunduni.

Chana karatasi ya shashi, uutazame ukingo kwenye mwanga. Nyuzi zimechomoza kama manyoya, na nafasi kati yake ni pana mno kwa chembe ya mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe hunaswa kwa kuugusa uzi. Nzito hushindwa kupinda kona pamoja na hewa, ikaugonga. Ya kadiri hupita karibu mno, ubavu ukagusa. Ndogo kabisa husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, ikayumba kama mlevi hadi ikajigonga yenyewe. Ikishagusa, imenata. Sumbufu ni iliyo kati ya hiyo ya kadiri na hiyo ndogo kabisa, karibu mikromita 0.3, ambayo wala haigongi vizuri wala haiyumbi vya kutosha. Ndiyo maana kichungi cha HEPA (jina la vichungi vya hewa vyenye uwezo mkubwa wa kunasa), kwa kipimo cha Marekani, hutakiwa kunasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa huo hasa.

Na wanaobuni karatasi hizi hawahangaiki kuziba matundu. Wanahangaika kuyaacha wazi: selulosi mbichi ikikauka, maji yanapoondoka huzivuta nyuzi zikashikamana, na hewa haipiti tena. Wengine huigandisha kwanza, kisha barafu ikatolewa kama mvuke bila kuyeyuka, nyuzi zikabaki zimeachana.

Kwa hiyo ukieleza tena, matundu yaweke kando. "Chembe hunata kwenye nyuzi" inatosha, tena ni fupi zaidi.